Managu na Mananasi ya Mkebe

Dada yangu Dorka aliniletea mkebe wa kwanza wa mananasi wiki ambayo miguu yangu ilishindwa kukanyaga cherehani. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, fundi wa nguo katika soko la Awendo, mke wa mtu na mama wa watoto watatu. Ulikuwa msimu wa mvua ndefu, miwa imesimama kijani pande zote za mji, na mimi nilikuwa nakauka.

Naandika haya kwa sababu najua mahali fulani kuna mtu anayekonda sasa hivi, na majirani zake wameshaamua anaumwa nini. Sitaeleza mambo ya kongosho na damu, wako waliosomea. Nitasimulia yaliyonipata, pamoja na jambo moja nililolifanya ambalo sipendi kulisema. Nitalisema likifika mahali pake.

Ilianza na kiu. Nilikuwa nabeba jagi la maji hadi kibandani asubuhi, na kabla jua halijapanda nimelimaliza, natuma watu kwa jirani kuomba mengine. Kisha mkojo. Nilikuwa nakata kitambaa, naweka makasi chini, nakimbia choo cha soko, narudi, nashika makasi, naondoka tena. Mama aliyeuza nyanya kando yangu alianza kunitazama kila ninapoinuka. Nyumbani, nyuma ya bafu letu la mabati, sisimizi walianza kujaa mahali ambapo hawakuwahi kuonekana. Niliwamwagia majivu. Sikujua walikuwa wananiambia kitu.

Fundi wa nguo hawezi kudanganywa na mwili wake mwenyewe, kwa sababu ana futi shingoni siku nzima. Nilijipima kiuno mwezi wa tatu, nikajipima tena wa nne, nikadhani nimeshika futi vibaya. Nilipunguza magauni yangu mara tatu. Mara ya tatu kitambaa kilichokunjwa ndani kilikuwa kingi kiasi cha kumshonea mtoto sketi.

Miaka ile, mtu akikonda Awendo au Migori au pale pwani ya ziwa, hakukuwa na maswali mengi. Ugonjwa ulikuwa mmoja tu katika vichwa vya watu, na hawakuutaja kwa jina. Mteja mmoja wa siku nyingi alikuja kuchukua kitambaa chake kabla sijakikata, akasema amekumbuka safari. Mwingine alinirushia mfuko wenye kitambaa chake kutoka mlangoni. Mama mkwe wangu alisema ni chira, kwamba kuna mwiko wa nyumba nilioukiuka na sasa mwili unalipa. Mume wangu, Ogola, aliyekuwa dereva wa lori la kubeba miwa, alihamisha godoro lake sebuleni. Siku iliyofuata nikakuta kikombe chake kimewekwa juu ya kabati, mbali na vyetu. Hakuniuliza swali hata moja. Ningependa angeniuliza.

Katika kliniki ya mtaani nilidungwa sindano za malaria, halafu nikapewa vidonge vya homa ya matumbo, halafu sindano za malaria tena. Nilikaa kwenye benchi lao asubuhi nyingi, nimekumbatia chupa yangu ya maji. Waliokuwa kwenye foleni walikuwa wanasogea kidogo kunipisha, na nilijua si heshima.

Dorka peke yake ndiye aliyekaa kitandani kwangu. Alikuwa amenizidi miaka mitano. Yeye na mumewe walikuwa na duka Migori mjini, duka zuri lenye rafu hadi darini, na alikuja akiwa amevaa kama mtu anayekwenda kanisani. Aliketi pale pale nilipolala, akaushika mkono wangu, akaupangusa kwa leso yake mwenyewe. Kisha akafungua kikapu: mikebe ya mananasi yaliyolowekwa kwenye shira, unga wa glukosi, na chupa za sharubati ya rangi ya damu. Binti yangu wa kwanza alikuwa ameniandalia ugali na managu. Dorka aliisukuma ile sahani pembeni kwa vidole viwili.

"Mgonjwa halishwi majani," alisema. "Si nikiwa hai."

Alitoboa mkebe kwa kisu, akanilisha kijiko kwa kijiko, na vipande vilipoisha akanishikia mkebe mdomoni nikanywa yale maji ya sukari mpaka tone la mwisho. Yalikuwa ya baridi na matamu, na koo langu lilikuwa kama kinu kilichoanikwa juani. Nililia kwa utamu ule. Dorka alidhani nalia kwa ajili ya kupendwa, na hakukosea.

Ili mtu aelewe kwa nini mkebe ulikuwa jambo kubwa hivyo kwake, lazima nieleze tulikotoka. Tulizaliwa Nyatike, karibu na Sori. Baba alifariki nikiwa na miaka minne, na shamba likaenda na ndugu zake. Mama alikuwa anachuma managu, ambayo kwa lugha yetu ni osuga, kwenye mipaka ya mashamba ya watu wengine, na hicho kilikuwa chakula. Walio na ng'ombe huyapika kwa maziwa, yanalala usiku kucha, uchungu unatulia. Sisi tuliyachemsha kwa maji na chumvi, na siku nyingine kwa maji tu. Dorka alikwenda shule na ukijani kwenye meno, na watoto wenzake walimwita Nyar Osuga, binti wa managu, hadi walimu wakalizoea lile jina. Ugali ulipokuwa mdogo alinisogezea mimi, yeye akamaliza mboga peke yake, huku macho yake yamefumbwa. Aliapa kwamba akiwa mkubwa, hakuna mtu wake atakayekula majani kwa sababu hana kitu kingine.

Kwa hiyo alipokuwa ananifungulia ile mikebe hakuwa ananilisha mananasi. Alikuwa anatimiza ahadi.

Kati ya mikebe saba niliimaliza sita kwa siku nne. Siku ya tano nilianza kutapika, na pumzi yangu ikawa ya haraka na ya kina kama ya mtu aliyekimbia. Ogola aliniambia baadaye kwamba chumba kilinuka kama matunda yaliyoiva yakapitiliza. Alinibeba mgongoni hadi barabarani, na hilo simnyimi. Tulipitia Rongo hadi Homa Bay kwa gari la rafiki yake. Mimi sikumbuki barabara. Nakumbuka tu dirisha la wodi siku ya tatu, na nyuma yake ziwa, na juu ya ziwa yale magugu maji yaliyokuwa yameanza kulifunika, kijani kibichi, hadi ukadhani ng'ombe wanaweza kutembea pale.

Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya chini. Alituambia kwamba ni ugonjwa wa sukari, kwamba nitadungwa sindano kila siku maisha yangu yote, na kwamba ningechelewa siku moja zaidi tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Nilimgeukia mume wangu. Ogola alikuwa anacheka. Alicheka kwa utulivu, mabega yakishuka, kama mtu aliyeteremsha gunia.

"Kumbe ni sukari tu," alisema.

Ile "tu" nimeishi nayo. Mimi nimeambiwa sindano hadi kaburini, na yeye anashukuru kwa ajili yake mwenyewe. Niliporudi nyumbani nilikuta godoro limerudi chumbani na kikombe kimerudi na vikombe vingine, bila neno. Nilipika, nilifua, nililala upande wangu. Tumekaa pamoja tangu wakati huo na watu husema tunaelewana. Lakini kuna mlango mmoja ndani yangu niliufunga siku ile, naye hajawahi kuubisha.

Kuanzia hapo niliacha kuhesabu wakati kwa miezi, nikahesabu kwa kliniki. Siku ya kliniki ya sukari Homa Bay nilitoka nyumbani kabla ya jua, bila kula, nikakaa kwenye benchi refu la ukumbi pamoja na wengine: mzee wa kutoka kisiwani aliyeanza kupoteza macho, mwalimu mstaafu, mama mmoja asiye na vidole vya mguu wa kushoto ambaye alivaa soksi ya mwanamume na kututania sote. Tulingoja hadi saa sita, mara nyingine saa nane. Nilijifunza kujidunga pajani na tumboni. Nilijifunza kuweka chupa ya insulini katika nyungu ndogo yenye mchanga uliolowa, kwa sababu hatukuwa na friji wala umeme. Paja langu lilifanya mashimo madogo pale nilipozoea kudunga, na mpaka leo yapo.

Siku ya kliniki ya tatu tulifundishwa na mama wa lishe. Tulimwita Sista Nereah. Alikuwa mfupi, na sauti yake ilijaza ukumbi wote. Aliweka mbele yetu sahani mbili. Moja ilikuwa na managu yaliyopikwa, meusi, yamelala kama kitambaa kilichokamuliwa. Nyingine ilikuwa na mananasi ya mkebe, ya manjano, yanang'aa kwenye shira. Alituuliza ipi ina faida zaidi kwa mwili. Sote tulionyesha mananasi, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Hakutucheka. Alituambia kuwa nanasi shambani ni tunda zuri, lakini hili limepikwa, limekaa kwenye sukari miezi mingi, na tunachokunywa humo zaidi ni sukari na maji. Kisha akaivuta ile sahani ya managu karibu yake. Alisema humu mna madini ya chuma ya kuongeza damu, mna vitamini za macho na za ngozi, mna nyuzinyuzi za kupeleka chakula taratibu, na sukari yake ni kidogo mno. Alisema anayekula mboga hii mara kwa mara anapata kitu ambacho hakuna mkebe wa dukani utakaompa. Mzee wa kisiwani aliuliza kama basi majani yanaponya sukari. Sista Nereah alikataa kwa ukali. Alisema asisikie mtu ameacha sindano kwa sababu ya mboga. Mboga ni chakula, sindano ni dawa, na atakayechanganya atazikwa.

Kisha alinitazama, akanifunua kope la chini kwa kidole gumba. Kulikuwa kweupe, bila damu.

"Wewe umekuwa ukilishwa nini?" aliniuliza.

Nilimwambia. Akaniuliza aliyenilisha ni nani. Niliposema ni dada yangu alitikisa kichwa, akaniambia nisimkasirikie.

Sikumsikia. Nilirudi nyumbani nimekasirika, na hasira ile iliniweka hai kuliko kitu kingine chochote. Nilikuwa nimepewa dawa ya kupimia mkojo, ya rangi ya buluu. Unatia matone manane ya mkojo ndani ya kichupa chembamba cha kioo chenye dawa ile, unachemsha juu ya stovu, unangoja. Ikibaki buluu, ni salama. Ikiwa kijani, kuna sukari kidogo. Njano, jihadhari. Ikifika rangi ya matofali, umekosea vibaya. Kabatini kulikuwa na mkebe mmoja wa Dorka uliobaki. Nilitaka kuona kwa macho yangu. Siku moja nilikula ugali wa wimbi kiasi nilichopimiwa pamoja na bakuli la managu, na saa mbili baadaye nikachemsha: kijani hafifu, karibu na buluu. Kesho yake, saa ile ile, sindano ile ile, nilikula ugali ule ule na nusu ya mkebe. Ile dawa haikungoja hata kuchemka vizuri. Ilipita kijani, ikapita njano, ikatulia kwenye rangi ya matofali, na chini ya kichupa kukakaa tope zito. Sista Nereah alinigombeza nilipomweleza, na alikuwa na haki. Usifanye kama mimi.

Lakini nilikuwa nimeona. Nilianza kupanda managu nyuma ya nyumba, na saga, na kunde, na nikayapika kama wenye ng'ombe wanavyopika. Kufikia mavuno, nyufa za pembe za mdomo zilikuwa zimefunga. Kufikia mvua za vuli kope langu lilikuwa jekundu. Nililegeza magauni yangu tena, mshono baada ya mshono. Wateja walirudi, wakiwamo wale waliokumbuka safari. Niliwashonea. Sikuwauliza safari ilikuwaje.

Dorka alikuja mwezi wa kumi na mbili, siku ambayo akina mama wa kanisa walikuwa nyumbani kwangu kwa maombi ya shukrani. Aliingia na katoni nzima ya mikebe, akaiweka katikati ya meza, mbele ya wageni wote, na uso wake ulikuwa unang'aa. Nilikuwa nimemtumia habari kwamba siruhusiwi, lakini kwake mambo ya hospitali yalikuwa ya wakati wa kuumwa, na sasa nilikuwa nimepona. Mezani tayari palikuwa na sufuria ya managu. Aliifunua, akaifunika.

Aliniuliza, kwa lugha yetu na kwa sauti ya kawaida, kama nimekosa kitu kiasi cha kuwapikia wageni osuga.

Ningeweza kumvuta jikoni. Ningeweza kumweleza pole pole, kwa kuwa alinipenda. Badala yake nilisimama mbele ya wale akina mama nikamwita Mama Lilian, jina la binti yake, kama mtu anavyomwita mgeni.

"Mama Lilian, mikebe yako ndiyo iliyonipeleka kaburini nikarudi. Peleka dukani ukawauzie usiowajua."

Aliishika katoni kwa mikono miwili.

"Mimi nilikula majani ili wewe ule ugali," alisema.

Aliinua katoni mwenyewe, hakutaka asaidiwe, akatoka nayo. Akina mama wa kanisa waliendelea na wimbo. Kuanzia siku hiyo hatukusemezana.

Sasa nimefika pale nilipoahidi kufika.

Ilikuwa kiangazi kilichofuata, kabla ya ile mvua kubwa ya Elnino. Binamu yetu alikuwa anaoa, na sote tulikusanyika nyumbani Nyatike. Mimi na Dorka tulikaa chini ya hema moja, yeye upande wa wageni wa mjini, mimi upande wa wapishi. Alikuwa bado mnene, bado amependeza. Lakini alikuwa na jagi la maji mbele yake. Nililiona likijazwa mara moja, mara mbili, mara tatu. Juu ya maji alikunywa soda, na juu ya soda maji tena. Aliinuka kwenda nyuma ya nyumba, akarudi, hotuba ya mzee haijaisha akainuka tena. Alipopita karibu yangu niliangalia miguu yake. Alivaa ndara za wazi, yeye ambaye hakuwahi kwenda sherehe bila viatu vya kufunga, na kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimefungwa kitambaa kilicholowa.

Nilijua. Hakuna mtu pale chini ya hema aliyejua kama mimi. Nilikuwa nimekaa mwaka mzima kwenye benchi moja na mama asiye na vidole. Nilijua kiu ile, nilijua safari zile za nyuma ya nyumba, nilijua kidole kile kinaelekea wapi. Ilikuwa hatua kumi kufika kwake.

Nikasema moyoni: ngoja naye aonje.

Si kwamba sikuwa na nafasi. Alikuja hadi meza ya chakula, akasimama mbele yangu na sahani. Nilimpakulia wali na nyama. Alisema asante. Nikasema karibu. Akaondoka akichechemea, na mimi nikaendelea kupakua.

Halafu mvua ikaanza, na haikukoma. Barabara zilikatika, daraja moja baada ya jingine likazama. Insulini yangu mwenyewe niliipata kwa kutuma watu waliovuka mito kwa kamba. Katikati ya mvua hiyo ujumbe ulinifikia kwamba Dorka amelazwa Homa Bay, mguu umekuwa mweusi. Nilichukua siku tatu kufika mahali ambapo kwa kawaida ni safari ya asubuhi moja. Nilitembea kwa miguu sehemu zilizoliwa na maji, nimebeba nyungu yangu ya dawa kifuani. Nilipofika walikuwa wameshaukata, juu ya goti.

Ilikuwa wodi ile ile. Nilikaa kitandani kwake, kama alivyokaa kwangu, nikaushika mkono wake. Alikuwa amekonda sasa, ngozi ya mkono imelegea kama nguo iliyoshonwa bila vipimo. Kwa siku mbili tulizungumza juu ya watoto, juu ya mvua, juu ya duka. Chakula cha wodi kilikuja: ugali na sukuma wiki. Alikigeuzia kisogo. Nilijaribu mara moja kumshawishi, nikamweleza yote niliyofundishwa. Alisikiliza kwa adabu, akasema kwamba amekula majani yake yote akiwa mdogo, hayakubaki. Sikumlazimisha. Nilimnunulia samaki akala kidogo.

Siku ya tatu, mchana, wagonjwa wengine wakiwa wamelala, aliniambia:

"Siku ile ya harusi uliangalia mguu wangu."

"Ndiyo."

"Ulijua?"

Ningeweza kusema sikujua. Angekubali, alikuwa mtu wa kunikubalia kila kitu tangu utotoni.

"Nilijua, Dorka."

Hakulia, wala hakunitukana. Aliutoa mkono wake katika mkono wangu, taratibu, akauweka juu ya shuka, upande wa pili. Kuanzia hapo alizungumza nami kuhusu mambo madogo tu, nimletee maji, nimgeuzie mto. Kidonda hakikupona. Alikufa juma la pili, asubuhi, mvua ikiwa imepumzika, na mimi nilikuwa nje nikifua kanga yake.

Tulimzika Migori, kwenye ardhi ya mumewe, ndani ya shimo lililokuwa linajaa maji huku watu wakiyateka. Walipoanza hotuba, mjomba mmoja alisema kwamba Dorka amerogwa na wenye wivu wa biashara. Mwingine akataja chira. Watu waliitikia kwa vichwa. Nilimwona Lilian, mwenye miaka kumi na saba, akiwatazama wanawake wa sokoni mmoja baada ya mwingine, akitafuta mchawi. Nikainuka. Sikuwa kwenye orodha ya wasemaji.

Nilisema dada yangu ameuawa na sukari. Nilisema dalili zake moja baada ya nyingine, kiu, mkojo, kidonda kisichofunga, nikawaambia anayezijua katika mwili wake aende akapimwe wiki hii. Nilisema asidanganywe kwamba chakula cha dukani ni cha heshima na mboga ya shambani ni ya umaskini, kwa maana mimi nimekula vyote viwili nikaona rangi zake. Halafu nikasema kwamba nilimwona na dalili hizo miezi mingi kabla, nikanyamaza kwa sababu tulikuwa tumekosana. Ogola, aliyekuwa kando yangu, aliangalia chini.

Wapo walioenda kupimwa. Wawili walikutwa nayo, na wanaishi. Mmoja hupita kibandani kwangu kila Jumatano kunisalimia. Watu wakinisifu kwa ajili yao huwa nawaacha waseme, kisha nabadilisha mazungumzo.

Sasa najidunga bila kufikiri, kama mtu anavyosokota uzi. Miguu yangu naikagua kila asubuhi, kidole kwa kidole. Na wewe unayesoma, ikiwa kuna mtu wako unayemwona anakunywa maji namna ile, usingoje mpatane kwanza. Mwambie akiwa amekukasirikia. Mwambie hata mbele ya watu.

Baada ya mazishi, watu walipokwisha kutawanyika, mume wa Dorka alinifuata nilipokuwa nikiosha masufuria. Ni mtu mpole, asiye na maneno mengi. Alisimama mvuani bila kofia.

"Shemeji," alisema, "kama yeye hukutaka kumwambia, kwa nini hukuniambia mimi?"

Nikaendelea kusugua sufuria niliyokuwa nimeishika. Akarudi ndani akafunga mlango. Kutoka Awendo hadi kwao Migori si hata saa moja kwa gari.